Pizza ipi ununue Kisumu: mpangilio wangu, na ubishi na shemeji

Siku ya kuzaliwa ya binti yangu tuliagiza pizza tatu kutoka mjini zije Mamboleo. Mwenye boda alipofika getini alizitoa kwenye begi zikiwa zimesimama wima kama madaftari ya shule. Nilipofungua boksi la kwanza, jibini na nyanya zote zilikuwa zimeteremkia pembe moja, na upande wa juu umebaki unga mtupu, mweupe. Watoto walikula hivyo hivyo, wakipokonyana ile pembe. Shemeji yangu, aliyekuwa ametoka Nakuru asubuhi hiyo, alitazama boksi kisha akanitazama mimi. "Usimlaumu mtu wa boda, shemeji. Mmeagiza pizza isiyojua kusafiri."

Niliudhika, maana aliyeagiza ni mimi. Lakini alisema kweli. Zilikuwa pizza za mtindo wa Napoli, Italia, laini, zenye majimaji katikati, zimepigwa jua na matuta kwa karibu nusu saa. Hata kama zingebebwa zimelala bapa zingefika zimelowa. Tangu siku hiyo tumekuwa tukibishana kwa simu, yeye akiwa Kiamunyi, Nakuru, na mimi hapa Kisumu, kuhusu pizza ipi ni pizza. Mwongozo huu ni wa mtu anayenunua kwa pesa yake, Kisumu au Nakuru, akaile nyumbani. Anayekula pale pale dukani mpangilio wake ni mwingine, na nitamfikia.

Anza kwa kuchungulia chini

Mtu wa kwetu hafundishwi chapati. Ukiandaliwa chapati mbichi katikati, hakuna ndengu itakayoiokoa, na aliyeipika utamsema mpaka jioni. Ajabu ni kwamba sisi hawa hawa tukinunua pizza tunahesabu vipande vya kuku. Pizza ni mkate. Vilivyo juu ni kitoweo.

Kwa hiyo kabla hujaondoka dukani, inua kipande kimoja kwa vidole utazame tumbo lake. Unatafuta kahawia, na madoa meusi hapa na pale kama ya chapati iliyokutana na moto sawasawa. Ukikuta weupe unaong'aa mafuta, hiyo imeiva juu tu. Oveni haikuwa imepata moto, au mpishi alikuwa na haraka. Siku za Jumanne, ambazo hapa Kenya zimegeuka siku za pizza kwa ajili ya zile ofa za kununua moja ukapewa ya pili, mimi huchungulia mara mbili. Foleni ikifika mlangoni, pizza hutolewa kabla ya wakati wake.

Halafu nusa. Unga uliolazimishwa kuumuka kwa hamira nyingi ndani ya saa moja hunuka hamira, na usiku tumbo litakusimulia. Unga uliokandwa kwa hamira kidogo ukalala kwenye friji siku moja au mbili una harufu ya ngano na uchachu wa mbali, na ukiingia motoni ukingo wake huvimba mapovu makubwa. Kisumu jambo hili lina uzito wake. Mchana joto hukaribia nyuzi 30, na unga ulioachwa mezani huumuka mbio hata kabla haujapata ladha. Nakuru kuna ubaridi, ila mji wenyewe uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari wakati sisi tuko 1,130 hivi. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi na mapovu ya unga hutanuka kwa urahisi zaidi, basi hata huko hamira inafaa kupunguzwa. Muulize mpishi, "Unga huu mmeukanda lini?" Akisema jana bila kufikiri, kaa. Akianza kumtazama mwenzake, agiza chipsi.

Jibini nayo ina ujanja. Inayofaa oveni za kawaida ni mozzarella ngumu kiasi, iliyopunguzwa maji, ile inayokwaruzika. Ile laini inayouzwa ikiwa majini ni tamu lakini inataka moto mkali sana, la sivyo hugeuza pizza kuwa mchuzi. Kuna pia jibini za bandia zinazotengenezwa kwa mafuta ya mimea. Sipingi mtu kuziuza. Napinga kuuziwa kwa bei ya maziwa. Mozzarella halisi ikiwa moto huvutika nyuzi ndefu na huota madoa ya kahawia. Ya bandia mara nyingi hulala bapa, rangi moja kote, na ikipoa huganda kama nta.

Nyanya sina mengi ya kusema. Ukionja utamu wa sukari na siki, umepakiwa tomato sosi ya chupa, ile ya chipsi. Zile nyanya ndefu ndefu, Rio Grande, zina nyama nyingi na maji kidogo, na zikipondwa na chumvi tu zinatosha. Ziko tele sokoni Kibuye. Hakuna kisingizio.

Ya kwanza: ya sinia

Najua nitasemwa. Watu wanaojiona wajuzi wa pizza huidharau ya sinia, ile menyu zetu nyingi huiandika pan, wakidai ni mkate uliopakwa nyanya. Mimi naiweka juu kabisa kwa anayebeba nyumbani, na nina sababu.

Unga wake huumukia ndani ya sinia yenye mafuta, kisha huokwa humo humo. Upande wa chini haukauki tu, unakaangika, na ganda hilo lililokaangika ndilo kinga dhidi ya mvuke ndani ya boksi. Ukifika Kondele, Kanyakwar au hata Ahero bado lina ukavu fulani. Unene wake hushika joto. Na kwa kuwa ilizaliwa ndani ya sinia, ina kuta.

Hodari wa ukoo huu ni ile ya Detroit, Marekani. Ilianza mwaka 1946 kwenye baa iliyoitwa Buddy's, na masinia yake ya kwanza, ya chuma, ya pembe nne, yalikuwa ya viwanda vya magari, ya kuwekea vipuri vidogo. Wajuakali wa Kamukunji, mafundi wetu wa mabati kule Nairobi, wakisikia hilo watatabasamu. Jibini husambazwa hadi kwenye ukuta wa sinia, ikaungua kidogo pembeni na kuwa ukoko. Nyanya huwekwa juu ya jibini, si chini yake, kwa hiyo unga haulowi. Ukoko ule ndio unaogombaniwa, kama ukoko wa wali wa nazi.

Kasoro zake ni mbili. Ikiharakishwa inakuwa mkate mzito ambao vipande viwili vinakumaliza, na mafuta yakizidi utayaona kwenye karatasi. Bonyeza katikati kwa kidole: ikirudi juu polepole, ni nzuri. Ikibaki na shimo, ni mbichi.

Ya pili: ya New York

Hii ni pana, nyembamba, na kipande chake hukunjwa katikati kwa urefu ukala ukitembea. Duka linalotajwa kila mara kuwa la kwanza ni Lombardi's, 1905, la wahamiaji waliotoka Italia na kukuta New York oveni za makaa ya mawe mahali pa kuni. Jibini ni ile kavu, na moto wa oveni zao za gesi za siku hizi si wa kutisha. Ndiyo sababu mtindo huu unaigika kwetu kuliko wa Napoli.

Kipimo chake ni kimoja tu. Kunja kipande, shika ukingo, acha ncha iwe mbele. Ikisimama, ni yenyewe. Ikiinama na kumwaga jibini kwenye shati, rudisha ukitaka, lakini watakwambia ulichelewa kula.

Inasafiri vizuri kwa dakika kumi na tano hivi. Zaidi ya hapo inaanza kuwa ngozi. Ila ndiyo inayofufuka vizuri kuliko zote kesho yake.

Ya tatu: ya Roma

Shemeji hajawahi kunisamehe kwa kuiweka hii mbele ya Napoli. Pizza ya duara ya Roma husukumwa kwa kijiti, kama chapati hasa, hadi iwe nyembamba na kavu, na unga wake hutiwa mafuta kidogo. Napoli ukikamatwa na kijiti cha kusukumia umejitoa kwenye chama chao cha pizza. Kule ni mikono tu, ili hewa ikimbilie ukingoni. Mama yangu angeelewana na Waroma.

Kwa ukavu wake haina cha kulowa haraka, ndiyo maana inavumilia boksi kiasi. Lakini haishibishi. Familia ya watu watano itakula mbili na kuuliza chakula ni saa ngapi. Roma pia wana nyingine, ya sinia refu, inayokatwa kwa mkasi na kuuzwa kwa uzani. Ningependa mtu afungue kibanda cha namna hiyo pale karibu na stendi. Kipande cha shilingi hamsini kwenye karatasi, unaingia matatu ya Busia.

Ya nne: ya Napoli

Hapa ndipo simu huwa moto. Shemeji anasema kuiweka Napoli nafasi ya nne ni sawa na kumweka mzee wa ukoo nyuma ya watoto. Na historia iko upande wake. Chama cha kulinda pizza ya Napoli kiliundwa 1984, na kinapanga karibu kila kitu: unga, maji, chumvi na hamira tu, upana usiozidi sentimita 35, tanuri la nyuzi 430 kwenda juu, sekunde 60 hadi 90 motoni, basi. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ufundi wa waokaji wa Napoli kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Sekunde tisini! Chapati moja huchukua muda huo huo.

Mimi sibishani na utamu wake. Ukiila ikiwa imetoka tanurini, ukingo umevimba na kuungua kwa madoa kama chui, katikati laini inayohitaji kisu na uma, utanyamaza. Nabishana na boksi. Moto ule wa dakika moja na nusu huacha maji mengi ndani ya unga na jibini, na hiyo ndiyo raha yake. Ukiifunga kwenye karatasi ngumu, maji hayo yanakuwa mvuke, mvuke unarudi kwenye unga, na dakika kumi baadaye una kitambaa. Shemeji anajibu kwamba pizza si kifurushi, atakayeitaka aifuate ilipo. Sawa. Kwa hiyo ukikaa mezani, na ukaona kwa macho yako tanuri la kuni linawaka, pindua orodha yangu: Napoli ya kwanza, Roma ya pili, New York ya tatu. Ukiwa umelala kwenye kochi na simu mkononi, niachie ya nne.

Angalizo kwa mnunuzi: tanuri la kuni lililojengwa kwa matofali mazuri mbele ya wateja si ushahidi. Tazama kama lina moto. Nimewahi kula mahali ambapo tanuri lilikuwa pambo, na pizza inatoka jikoni nyuma kwenye oveni ya stima.

Ya mwisho: ya Chicago

Ya Chicago, iliyoanza Pizzeria Uno mwaka 1943, ni kama pai: kuta ndefu, jibini chini, nyanya juu, kwa sababu inakaa motoni nusu saa au zaidi na jibini ingeungua. Huku, kila nilipouziwa kitu kwa jina hilo kilikuwa pizza ya sinia iliyoongezewa unga na bei. Ruka.

Zile besi kavu za supermaketi, yaani mkate mtupu wa pizza, zilizookwa nusu na kufungwa kwenye plastiki, sizipangi kabisa. Kwa bei hiyo nunua unga wa ngano wa kawaida, ule wa chapati. Usichukue ule wenye poda ya kuumulia, huo ni wa keki na mandazi. Pizza yake itakuwa skonzi. Kanda na hamira kidogo jioni, weka kwenye friji, kesho jioni utandaze kwenye sufuria nzito iliyopakwa mafuta. Ile mbinu ya kuokea keki ya Krismasi, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, inaoka pizza ya sinia bila tatizo. Weka makaa mengi juu, machache chini. Dada zangu Bungoma huipika hivyo na hawajaungua kitu.

Hesabu ya inchi

Hapa ndipo pesa hupotea kimyakimya. Pizza hupimwa kwa inchi za upana, lakini unachokula ni eneo. Zidisha inchi kwa zenyewe ndipo ulinganishe. Ya inchi 8 inakupa 64. Ya inchi 12 inakupa 144. Yaani kubwa moja inazidi ndogo mbili kwa pamoja, ambazo ni 128. Tuseme ndogo ni shilingi 600 na kubwa ni 1,200: anayenunua ndogo mbili amelipa sawasawa akapata pungufu, na juu ya hayo amenunua ukingo mwingi, usio na kitu. Lakini ya inchi 14, yenye 196, karibu inalingana na mbili za inchi 10, ambazo ni 200. Hapo chagua mbili, kila kundi la watoto liwe na ladha yake, muokoe amani ya nyumba.

Ofa ya mbili kwa bei ya moja hushinda hesabu zote, mradi ni za ukubwa mmoja. Soma tena maandishi madogo kama ya pili ni ya ukubwa ule ule.

Vya juu

Vitatu vinatosha. Ukijaza kuku, soseji, uyoga, hoho, mahindi na nyama ya kusaga kwa pamoja, maji ya vitu vyote hivyo yanashukia kwenye unga na unga haupati moto. Menyu zinazojisifia vitu tisa zinaficha mkate mbaya.

Waislamu, na Waadventista ambao Nyanza hii ni wengi, ulizeni pepperoni ni ya nyama gani. Kwa asili ina nguruwe. Sehemu nyingi huku hutumia ya ng'ombe, lakini ulizeni pia kama kisu cha kukatia ni kimoja.

Nanasi: mimi nakubali. Rais wa Iceland wa wakati huo, Guðni Jóhannesson, mwaka 2017 aliwaambia wanafunzi kwamba angekuwa na uwezo angelipiga marufuku kwenye pizza, dunia ikachemka. Aliyelianzisha, Sam Panopoulos, alikuwa Mgiriki aliyehamia Kanada, na alilitoa kwenye mkebe mwaka 1962. Labda mkebe ndio ubaya. Nanasi bichi la Homa Bay, likatwe jembamba, likaushwe kwanza kwenye kikaango, ni jambo tofauti. Likiwekwa bichi lenye maji yake, namuunga mkono yule rais.

Omena je? Shemeji alinicheka hadi akakohoa. Nilimwambia Waitalia huweka samaki wadogo wa chumvi juu ya pizza na hakuna anayewacheka. (Ile inayoitwa marinara, ingawa jina linanuka bahari, haina samaki: ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta.) Nilijaribu mara mbili. Ukiioka pamoja na pizza, inakuwa chungu na nyumba nzima inanuka ufuo. Ukiikaanga pembeni hadi ikauke, ukaitupia juu ya ya Roma iliyokwisha kuiva, na ndimu kidogo, ni kitu cha kuuza pale ufuoni Dunga. Bado hajaonja. Anasubiri aje Desemba, na ameapa kuja na unga wake kutoka Nakuru.

Kufikisha na kufufua

Ukiagiza, mwambie mwenye boda boksi lilale, na umwambie kabla hajaondoka. Mwombe anayeoka asiikate. Isiyokatwa huvuja kidogo. Likifika, fungua kifuniko papo hapo mvuke utoke, hata kama wageni hawajafika.

Kilichobaki usikitie maikrowevu, kitakuwa raba. Weka kikaango kikavu kwenye moto mdogo, kipande ndani, dakika mbili hadi chini pakwaruze. Nyunyiza matone mawili ya maji pembeni, si juu ya pizza, funika, hesabu hadi sitini. Jibini itayeyuka na chini patabaki pakavu. Ya sinia ikifanyiwa hivyo asubuhi, na chai ya maziwa, mimi naipenda kuliko ilivyokuwa jana yake.